Nani Alipe Janti? Kati ya Brussels na Golf

Novemba ikifika, garaje za Brussels hujaa watu wanaovua matairi ya kiangazi na kuvaa ya baridi. Sheria ya Ubelgiji haimlazimishi mtu, tofauti na Luxembourg au Ujerumani, lakini wengi hubadilisha hata hivyo, na garaje nyingine hukuhifadhia yale uliyovua mpaka majira yageuke. Kwa hiyo gari linavuliwa magurudumu mara mbili kwa mwaka, na kila mara kuna mashine inayoibana rimu kwa makucha ya chuma, kuna mkono unaolisukuma tairi litoke, kuna vipande vya uzito vya kusawazisha vinavyogongwa ukingoni. Plastiki ya kukinga yale makucha ikichakaa na fundi asiibadilishe, rimu ya alumini hutoka na mkwaruzo unaozunguka ukingo wote. Zangu, janti kama tunavyosema Lubumbashi, ndivyo zilivyonirudia.

Mtu wa mapokezi alijibu papo hapo kwamba alama zilikuwapo tangu mwanzo. Jibu hilo hutolewa Anderlecht, hapa Brussels, kama linavyotolewa Katuba, kule Lubumbashi. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Nilipoliacha gari asubuhi, tuliandikiana: namba ya gari, kilomita, kazi itakayofanywa, na chini kabisa mchoro wa gari ambao mpokeaji anautia alama mahali penye kasoro. Magurudumu yote manne yalikuwa meupe kwenye mchoro ule, na sahihi ilikuwa yao. Nikapiga picha za rimu palepale uani kabla sijaendesha hata mita moja. Nikatuma barua pepe, kisha barua ya rejesta inayotaja tarehe, kasoro, ninachodai na muda wa kujibu. Sikupaza sauti, na hakuna aliyenipazia. Walipokea barua, wakampelekea bima wao, bima akamtuma mtu wa kukagua, na rimu zikaenda kusuguliwa na kupakwa upya kwa gharama yao.

Wangekataa, bado nilikuwa na njia. Ubelgiji ina Huduma ya Upatanishi kwa Walaji, ambayo mlaji halipi kitu kuitumia. Na upatanishi ukishindikana kuna hakimu wa amani, anayepokea madai yasiyozidi yuro 5,000, na mbele yake mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Rimu nne za kawaida haziwezi kumfikisha mtu kwenye kiwango hicho.

Sasa twende Golf, mtaa wa Lubumbashi.

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anakaa upande wa Golf Météo. Gari lake ni Toyota ya usukani wa kulia, kama nusu ya magari ninayoyaona mjini kila ninapofika: limetoka Japani likiwa limeshatumika, likashukia Dar es Salaam, likapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Gari la namna hiyo linakuja na rimu zake nne za aina moja. Ukiharibu moja, hakuna duka la kwenda kununua mwenzake. Utazunguka kwa wauza vipuri, utauliza watu wanaovuka kwenda Zambia, utabahatisha. Ndiyo maana kuharibiwa janti Lubumbashi kunauma zaidi kuliko Brussels, ingawa bei yake kwenye karatasi ni ndogo.

Tairi lilikuwa linapoteza hewa polepole. Akalipeleka garaje ya uwanjani, ua wa mabati, kontena moja la vifaa, miti miwili ya kivuli. Tairi likakabidhiwa kijana anayejifunza kazi. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na vyuma bapa viwili na nyundo. Nilipoiona rimu baadaye, ukingo wa ndani ulikuwa umepinda kidogo, na kutoka pale penye pindo ulianza ufa mwembamba kama unywele ukielekea kwenye mkono mmoja wa rimu. Ukipitisha ukucha, unaunasa. Na bulon moja ilikuwa imeviringika meno, kwa sababu wakati wa kukaza walichomeka bomba la chuma kwenye spana ili kuongeza nguvu. Magari mengi madogo hutaka nati za gurudumu zikazwe kati ya Nm 90 na 120. Mtu mzima akiegemea bomba refu anapita hapo bila kujua.

Mwenye garaje akasema: "Mama, haiko mi nilifungula ile pine. Ni huyu mutoto. Muulizeni ye."

Yaya akamjibu: "Patron, motokari niliachia we."

Nayarudia maneno hayo mawili kwa sababu kesi nzima imo ndani yake. Kwetu, kitu kikiharibika garaje, mkono wa kwanza unaoshikwa ni wa yule mtoto. Anatukanwa, pengine anapigwa, anaambiwa atafanya kazi mpaka deni liishe, na mara nyingi hata mshahara hana, anapewa chakula na nauli kwa sababu "anajifunza". Watu wakizidi hasira wanaita polisi, kijana anatiwa kasho, na familia yake inahangaika kutafuta pesa za kumtoa. Pesa hizo hazirudishi janti ya mtu. Na sheria yenyewe haiko upande huo: kosa la jinai la kuharibu mali linataka nia mbaya, na kijana aliyepiga nyundo vibaya hakuwa na nia hiyo. Wala deni la kazi iliyoharibika si sababu ya kumfunga mtu. Kongo imefungwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mapatano.

Mwenye kudaiwa ni patron. Jambo hili si jipya na halikutoka Ulaya juzi. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo tunaiita Kitabu cha Tatu cha sheria ya kiraia, inasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemsababishia mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Na cha 260 kinambebesha mkubwa wa kazi hasara inayoletwa na mtu wake akiwa kazini. Vifungu hivyo vilichukuliwa kutoka sheria ya kiraia ya Ufaransa ya 1804, kupitia Ubelgiji. Wabelgiji wenyewe wameshaandika upya sehemu hiyo. Kitabu chao kipya kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Lakini kwa miaka yote ile, mteja wa Brussels na mteja wa Golf walisimama juu ya sentensi ileile. Kwa hiyo nikisikia ndugu zangu wa huku wakisema "kwetu hakuna sheria", sikubali. Sheria tunayo, tena ya zamani. Kinachokosekana ni karatasi ya asubuhi, na bima nyuma ya patron.

Yaya hakuita polisi. Alimwita fundi mzee wa jirani, mtu ambaye mafundi wengi wa pale walipita mikononi mwake, na mbele yake wakalikalia jambo. Patron kwanza alitaka kuichomelea rimu. Mzee ndiye aliyekataa, na alikuwa sahihi: alumini ya rimu hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa mchomeleaji huuondoa ugumu huo mahali palepale palipopasuka. Rimu hiyo ingeonekana nzima hadi shimo la kwanza kwenye barabara ya Kipushi. Wakakubaliana kwamba patron atafute rimu nyingine ya aina ileile, abadilishe bulon, na kijana asikatwe kitu. Wakaandika, wakatia sahihi, mzee akashuhudia. Ilichukua muda mrefu kuliko Brussels na ilihitaji kukumbushana sana, lakini rimu ilipatikana.

Utaratibu huo wa wazee naupenda. Brussels sikuwahi kumjua mtu aliyeikwaruza rimu yangu, na hakuna aliyejiuliza kama amefundishwa vizuri zaidi. Golf, yule mzee alimsimamisha kijana kando ya tairi, akamwonyesha jinsi ya kushusha ukingo wa tairi mpaka katikati ya rimu kwanza, kwenye mfereji, ili upande wa pili utoke bila nguvu. Lakini upatanisho unategemea patron kuwa na aibu mbele ya mzee. Asingekuwa nayo, yaya angelazimika kwenda mahakama ya amani, tunayoiita Tripaix, na huko hakimu angeuliza swali lile la Brussels: gari lilikuwa katika hali gani ulipoliacha?

Ndiyo maana namwomba kila anayenisoma akiwa nyumbani: kabla hujakabidhi ufunguo, piga picha magurudumu yote manne, karibu, huku patron anakuona. Mwandikie kwenye daftari lolote tarehe, namba ya gari, kazi na bei, atie sahihi yeye, si mtoto. Simu kila mtu anayo.

Na wenye garaje nao wana lao. Ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ulifutwa na sheria ya 2015, na kampuni nyingine za bima zimeshafungua milango. Patron anayepokea magari ya Golf, ambayo mengine thamani yake inapita ya ua wake mzima, aende akaulize bei ya bima ya kazi yake. Siku janti ya mteja itakapopasuka tena, asiwepo mtoto wa miaka 16 wa kunyooshewa kidole.