Siku Mbili Juu ya Nyiragongo

Watu wa Goma huutazama mlima Nyiragongo kila wafunguapo mlango, lakini ni wachache waliopata kuukanyaga. Sisi nasi tuliishi miaka mingi chini yake pasipo kuupanda. Usiku tuliona wingu la juu yake likiwa jekundu kama tanuru la mhunzi, tukafunga dirisha, tukalala. Tulipoupanda, mume na mke, mwishoni mwa Agosti 2019, kiangazi kikiisha na shule zikikaribia kufunguliwa, hatukwenda kwa matembezi tu. Tulikuwa na shauri la nyumba ambalo lilitushinda kulikata.

Tulikuwa tumenunua kiwanja kidogo katika mtaa uliofunikwa na lava. Mwalimu alitaka kujenga kwa mawe na saruji, nyumba ya kuwaachia watoto. Mama hakutaka hata kusikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya tarehe 17 Januari 2002, mlima ulipopasuka ubavuni. Lava ilishuka, ikakata mji vipande viwili, ikaangusha kanisa kubwa la Mtakatifu Yosefu, ikaingia katika ziwa Kivu. Watu maelfu na maelfu walikimbilia Gisenyi. Mama alikimbia na mdogo wake mgongoni, na aliporudi, mahali pa nyumba ya baba yake hapakuonekana hata kipande cha bati.

Siku moja alisema: “Baba, unataka nilale juu ya jiwe lililomeza nyumba yetu. Basi, kwanza nipeleke nikamwone huyo aliyelitapika.” Ndivyo safari ilivyozaliwa. Tukaweka akiba miezi mingi, watoto tukawaacha kwa nyanya yao.

Njia huanzia Kibati, kaskazini ya Goma, mahali penye urefu wa mita karibu 2000 juu ya bahari. Kilele ni mita 3470. Msomaji mwanafunzi atoe hesabu: ni mita 1470 za kupanda, kwa njia ya kilometa karibu 8. Mlima huo umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Haikuruhusiwa kwenda peke yenu. Tulifuatana na askari wa hifadhi wenye bunduki, na wapagazi waliobeba mablanketi, maji, chakula na makaa ya kupikia. Kila mmoja wetu alipewa fimbo.

Saa ya kwanza ni ya msitu. Njia si kali, ndege wanalia, na mwalimu akawa anatangulia akieleza habari za miti, hata zile asizoulizwa. Kisha miti ikaisha ghafula, tukaingia katika lava. Mawe yake ni mepesi, yana matundu kama mkate, lakini makali kama chupa iliyovunjika, tena yanaviringika chini ya mguu. Hapo maelezo ya mwalimu yalikatika. Kiatu chake cha kuume kilifungua kinywa, akakifunga kwa kamba ya mpagazi. Mama, aliyechota maji utoto wake wote akipita juu ya mawe ya namna hiyo, alikwenda polepole bila kusimama, na tangu saa hiyo yeye ndiye aliyetangulia.

Katikati ya njia askari alituonyesha ufa wa mwaka 2002. Hautishi kwa kuutazama: ni mfereji mweusi katika ardhi, majani yameanza kuota kando yake. Lakini mvuke wa moto ungali ukitoka. Mama alichutama, akanyosha kiganja juu ya mvuke ule, akakaa kimya. Hatukumharakisha.

Hapo askari alitueleza mambo ambayo kila mtu wa Goma yafaa ayajue. Lava ya Nyiragongo si nzito kama ya milima mingine ya moto. Ni nyepesi mno, hukimbia kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likapita vijijini watu wasipate nafasi ya kukimbia. Tena yako mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa mabondeni na mashimoni, haionekani. Mbuzi akishuka humo hufa, na mtoto vilevile. Kwa hiyo wazee hukataza watoto kucheza mashimoni asubuhi, na wazee wana haki.

Mwisho wa njia ni ukuta mtupu. Miti ya ajabu ya baridi, lobelia zenye mashina marefu, ilibaki nyuma yetu, ukungu ukatufunika. Tulifika kileleni saa kumi za jioni, magoti yakitetemeka. Huko vilikuwako vibanda vidogo vya kulala watu wawili wawili. Tulivaa nguo zote tulizochukua, na baridi bado ikatupata mifupani. Mpagazi aliwasha makaa, tukanywa chai, na hatukukumbuka chai nyingine iliyokuwa tamu hivyo.

Giza lilipoingia tukasogea ukingoni. Shimo lina upana wa zaidi ya kilometa moja, nalo huenda chini mamia ya mita. Chini kabisa palikuwa na ziwa la moto. Juu yake kulitanda ngozi nyeusi, nayo ilipasuka daima kwa mistari myekundu, vipande vikazama, vingine vikatokea. Sauti yake ilitufikia kama mawimbi ya Kivu siku ya upepo. Joto lilitupiga usoni, baridi mgongoni.

Tuligeuka tukatazama kusini. Taa za Goma na za Gisenyi ziliwaka pamoja kando ya ziwa, karibu sana, kama mtu angeweza kuzifunika kwa kiganja. Kutoka Goma mlima ulionekana uko mbali. Kutoka mlimani, mji ulikuwa miguuni pake.

Mama alisema: “Nilidhani nitamchukia. Kumbe hatujui sisi. Akishuka hataomba njia, wala hatachagua nyumba ya nani.” Akanyamaza, kisha akaongeza: “Tutajenga, Baba. Lakini kwa mbao. Na mfuko wa safari utakaa mlangoni, usiku na mchana.” Mwalimu, aliyepanda na maneno mengi ya kumshawishi juu ya saruji, hakuona neno la kujibu.

Tulishuka kesho yake, vidole vya miguu vikiumia kuliko wakati wa kupanda. Miezi michache baadaye nyumba ya mbao ilisimama juu ya msingi wa mawe ya lava, na jirani walituuliza kama mshahara wa mwalimu umekwisha.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ikawa nyekundu tena. Tulishika mfuko na watoto, tukaenda. Watu zaidi ya thelathini walikufa katika msiba ule. Lava ilisimama Buhene, mlangoni pa mji, haikufika kwetu. Lakini siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika. Nyumba nyingi za mawe zilipasuka kuta. Yetu ililia kama mashua majini, isianguke.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki haya ili mwende mlimani. Mwaka 2020 hifadhi ilifungia wageni kwa ajili ya korona, kisha ukaja moto, na vita. Twaandika kwa ajili ya ninyi mnaokaa chini yake. Wafundisheni watoto habari za mazuku. Tangazo la hatari likitolewa, msingoje kuona moshi. Hati za watoto, chumvi, blanketi na taa ziwekwe mahali pamoja.

Mfuko wetu ungali mlangoni. Mama huukagua kila Jumamosi jioni, na mwalimu ndiye anayeshika taa.