Peni Iliyobanwa

Nilikuwa na umri wa miaka minane, mwaka 1965, baba aliporudi kutoka karakana ya reli pale Voi na peni ya ajabu mfukoni. Ilikuwa na tundu katikati kama peni zote za siku zile, pembe za ndovu upande mmoja, taji upande wa pili. Ila kwenye upande wa taji yalikuwa yamezama maneno EAST AFRICA, kinyumenyume, kama unavyoyaona kwenye kioo. Nilimwomba, akanipa huku akicheka. Kile kicheko nilikuja kukielewa baadaye sana.

Sisi watoto tulizoea kuharibu hela. Tuliilaza ndururu juu ya reli, tukangoja gari la mizigo lipite, kisha tukaiokota bapa na ya moto. Hiyo tulijua ni kazi ya mikono yetu. Lakini maandishi ya kinyume? Hayo, nilijiambia, yametoka kiwandani Uingereza, na kosa la Mzungu lazima liwe na thamani. Nikaificha peni yangu kwenye mkebe wa chai. Mwaka uliofuata Kenya ikatoa sarafu zake, zisizo na tundu, na peni za zamani zikaanza kupotea madukani. Imani yangu ikazidi.

Nilipita arobaini ndipo nikamwonyesha sonara mmoja mzee wa Mji wa Kale, Mombasa. Aliiweka chini ya lenzi, akaigeuza mara mbili.

"Hii imebanwa kwenye jiliwa, bwana. Peni mbili, moja juu ya nyingine."

Nikabisha. Akanivuta nitazame. Chini ya yale maneno yaliyozama, taji lilikuwepo bado, limepondeka. Akanieleza kwamba kosa lenyewe la kiwandani la aina hii hutokea sarafu inapoganda kwenye muhuri wa chuma, ikageuka kuwa muhuri wa kisahani kinachofuata, yaani kipande cha shaba ambacho bado hakijapigwa. Sarafu inayozaliwa hapo huwa na picha ileile pande zote mbili: upande mmoja imeinuka sawasawa, upande wa pili imezama kinyume. Taji na maneno ya upande wa pembe hayawezi kulala pamoja upande mmoja.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Siku kadhaa baadaye nikanunua lenzi.

Tangu hapo macho yangu yalibadilika. Zamani mstari wowote kwenye uso wa sarafu ulinisisimua. Sasa naupapasa kwanza kwa ukucha. Ukiwa umeinuka, yaelekea muhuri ulipata ufa na shaba ikaingia ndani yake. Ukiwa umechimba, mara nyingi ni msumari, jembe au kisu cha mtu. Sarafu iliyomegeka ukingoni naitazama upande wa pili: kisahani kikikatwa vibaya kabla ya kupigwa, ukingo unaokabiliana na pengo mara nyingi hutoka hafifu. Mwenye tupa hawezi kuufanya hivyo bila kuacha alama. Nimeacha pia kushangaa peni za 1936 zenye jina la Edward VIII, ambazo wengi huniletea kama kosa. Mfalme yule alijiuzulu Desemba ya mwaka uleule, na peni zake ni halali kabisa.

Peni ya baba bado iko mkebeni. Aliyeibana bila shaka alikuwa mwenzake wa karakana, pengine baba mwenyewe, saa ya chai.

Kinachoniuma ni peni makengeza, tulivyoziita. Tundu lake lilikaa kando, likala pembe ya ndovu. Tundu hutobolewa kwenye kisahani kabla ya kupigwa muhuri, kwa hiyo yale yalikuwa makosa halisi ya kiwandani. Nilipata kushika tatu, labda nne. Mwenye duka la mabuyu alizipokea shingo upande, basi tulizitumia haraka kabla ya zile nzima.