Dalili ya Mvua ni Mawingu

Msomaji, wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii wewe na mimi tuliikariri tungali wadogo. Lakini kukariri methali ni jambo moja, na kuitumia ni jambo jingine. Mimi nilishindwa kuitumia nyumbani kwetu, na kushindwa huko ndiko kunakonifanya nikuandikie.

Nyanya yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani petu kwa muda wa miaka kumi na minne. Hakusoma sana, lakini hesabu yake haikupotea hata senti moja. Mlangoni pake palikuwa na mrehani na mwasmini, naye hakukosa harusi wala matanga. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nilirudi likizoni nikaukuta mrehani umekauka. Nilimwuliza sababu. Alinijibu, "Umekauka tu, mjukuu wangu." Hakulia wala hakulalamika. Alikuwa hajali. Jirani aliposa mke akaoa, nyanya hakwenda arusini. Nilimwambia kwa ukali, "Nyanya, uvivu huu umeutoa wapi?" Alinitazama, akanyamaza. Neno lile laniuma hata leo.

Mwaka mmoja baadaye fedha za chama zilionekana pungufu, na watu wakanong'ona kuwa ameziiba. Tulizikuta ndani ya debe la mchele, zimefungwa katika pindo la leso. Hapo ndipo tulipompeleka hospitali. Baada ya vipimo, daktari alitueleza kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer, nao ungali mwanzoni.

Ugonjwa huu una jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alianza kumwangalia mgonjwa mmoja, Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akaona jinsi ulivyoharibika. Katika habari zake limo jambo la kuzingatia. Dalili ya kwanza kuonekana haikuwa usahaulifu. Ilikuwa wivu juu ya mumewe. Usahaulifu ulifuata, na nyumbani kwake akawa anahamisha vitu huku na huku na kuvificha. Tabia ilitangulia kubadilika, kumbukumbu ikafuata.

Madaktari wa siku hizi huitazama hali ya moyo wa mgonjwa kama baharia atazamavyo upepo. Wameona kwamba mgonjwa aingiwaye mapema na hali ya kutojali mara nyingi hupoteza uwezo wa kazi za kila siku upesi kuliko yule ambaye hamu yake ingalipo. Kutojali huko si uvivu, wala si huzuni. Sehemu za ubongo zimpazo mtu hamu ya kutenda zenyewe zimeguswa.

Chuoni tulifundishwa jinsi mtoto apatavyo uwezo wake: hutembea, husema, huvaa nguo, na miaka mingi baadaye hujua kutunza fedha. Katika miaka ya 1980 daktari wa New York, Barry Reisberg, alionyesha kuwa ugonjwa huu huirudia njia hiyo kinyumenyume. Kwanza huondoka kazi zenye hatua nyingi, kama kuhesabu fedha, kusafiri mahali pageni na kuandaa karamu. Hufuata kuchagua nguo, kisha kuvaa na kuoga. Mwisho, usemi na mwendo. Nilikuwa nimejifunza ngazi ya kupandia. Sikujua kuwa ndiyo ya kushukia.

Kuujua utaratibu huu hakumponyi mgonjwa, lakini huwaandaa walio wake. Tulimtua nyanya mzigo wa fedha kabla haujamwaibisha tena. Shangazi alishika dawa zake. Kuchambua mchele na kusuka ukili tulimwachia mwenyewe, kwa sababu aliviweza, na mtu hupata heshima katika kile akiwezacho.

Hata hivyo, jihadhari na mambo mawili. Kwanza, utabiri si hukumu. Wagonjwa hutofautiana, na hakuna awezaye kukutajia siku wala mwezi. Pili, si kila wingu huleta mvua. Huzuni nzito, maradhi ya tezi la shingo au upungufu wa vitamini B12 huweza kumfanya mzee asahau na azubae, nayo yana tiba. Ndiyo maana apelekwe hospitali mapema. Hapa kwetu Kenya, katika Kaunti ya Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee asemaye peke yake usiku, au apoteaye njia akaingia ua wa jirani, ana haja ya daktari, na badala yake aweza kukutana na panga.

Basi, msomaji, mzee wa nyumbani kwenu akiacha alichokipenda, usiseme haraka kuwa ni mvivu, wala mwizi, wala mchawi. Keti karibu naye, mwulize kwa upole, na uwaambie wakubwa wako uliyoyaona. Mimi nilisoma vitabu vingi nikashindwa kuusoma mrehani mmoja mkavu.