Deli la Biashara na Deli la Dawa

Ukiwa mkazi wa Tandika, Mtoni au Mbagala, hakuna haja ya kukueleza deli ni kitu gani. Ni lile sanduku la plastiki lenye kuta nene na mfuniko, ambalo vijana hulibeba begani pale kituoni wakiuza maji baridi, na ambalo sisi akina mama huliweka kibarazani likiwa na juisi ya ukwaju na barafu za watoto. Langu ni la buluu, mpini mmoja umekatika na nimefunga kamba. Kwa miaka kumi na moja limenunua sare, madaftari, na sasa linasaidia ada ya kijana wetu aliye chuo cha ufundi. Kwa hiyo mtu akiniuliza barafu inakaaje muda mrefu, mimi naliona swali hilo kuwa ni swali la fedha. Barafu ikiisha saa saba mchana, na jua la Februari ndiyo kwanza limekolea, biashara ya siku hiyo imekwisha pia, kwa maana hakuna anayenunua maji ya uvuguvugu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba deli halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchelewesha joto tu. Baridi yote uliyo nayo ni ile barafu uliyoweka asubuhi, nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani: joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyatoa maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80, yaani karibu na kuchemka. Hiyo ndiyo akiba yako ya siku. Swali ni nani anaila.

Wengi wetu hulilaumu jua. Jua lina sehemu yake, sikatai, lakini mlaji mkubwa tunamtia wenyewe ndani kwa mikono yetu. Chukua chupa kumi na mbili za maji za nusu lita, zilizokaa dukani kwenye nyuzi 32, uziweke kwenye deli zipoe hadi nyuzi 5. Chupa hizo peke yake zitakula karibu kilo mbili za barafu kabla hujauza hata moja! Ndiyo maana mimi maji ya kuuza huyalaza kwenye friji usiku wakati umeme upo, na siku ambazo haupo huyatumbukiza kwenye ndoo iliyokaa uani usiku kucha. Hata kuyashusha nyuzi tano tu ni barafu iliyookolewa. Deli lenyewe nalo lisianze kazi likiwa na moto wa ghalani. Usiku natia chupa moja ya barafu, nafunika, na asubuhi kuta zake zimeshapoa.

Mlaji wa pili ni mfuniko. Kila ukifunguliwa, hewa ya Dar es Salaam inaingia, na hewa yetu ina joto na unyevu. Ule unyevu unaouona umeshika kama jasho kwenye chupa nao huacha joto lake humo ndani. Mteja akija, muulize kwanza anataka nini, kisha fungua, toa, funga. Usifungue ndipo mjadiliane bei. Halafu, dada yangu, gonga mfuniko wa deli lako kwa kidole. Madeli mengi ya bei nafuu yana kuta zilizojazwa lakini mfuniko ni mtupu ndani. Nilikata kipande cha sponji la godoro lililochakaa, nikakishonea kitambaa cha kufulika, nikakilaza juu ya chupa chini ya mfuniko. Kipande hicho kimenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Bidhaa zikipungua, sponji linashuka nalo, hivyo hewa haipati uwanja wa kucheza.

Kuhusu barafu yenyewe, pande kubwa hudumu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule, kwa sababu vipande vingi vina nyuso nyingi za kupokea joto. Mimi nagandisha maji katika chupa za lita moja na nusu, nikiacha nafasi juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka. Maji yakiyeyuka humo yanabaki kwenye chupa, ni safi, na yanakunywika. Wanaotumia barafu ya wazi huuliza kama wayamwage maji yanayojikusanya chini. Kwa chupa za soda, hapana, yaache. Maji hayo bado yako karibu na nyuzi 0, na ukiyamwaga nafasi yake inachukuliwa na hewa ya moto. Kwa samaki ni tofauti, yamwage, kwa sababu maji yenye damu huharibu samaki upesi.

Jirani zangu wengine hucheka wakiniona nimetoka Keko na gunia la maranda. Pale kwa mafundi seremala maranda na vumbi la mbao ni taka. Lakini barafu iliyofunikwa kwa vumbi la mbao imesafiri mbali kuliko sisi. Mwaka 1833 mfanyabiashara wa Kimarekani, Frederic Tudor, alipeleka meli iitwayo Tuscany kutoka Boston hadi Calcutta, India, ikiwa na tani 180 hivi za barafu iliyokatwa ziwani. Safari ilichukua miezi minne, ikavuka mstari wa ikweta mara mbili, na ilipofika zilikuwa zimebaki kama tani 100. Friji haikuwapo. Katika biashara hiyo vumbi la mbao lilikuwa blanketi la barafu, maana hewa iliyonaswa katikati ya chembe zake haipitishi joto kwa urahisi. Basi siku ya mechi ya Simba na Yanga, ninapokaa nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa tangu saa nne asubuhi, deli langu hukaa ndani ya sanduku la mbao, maranda makavu pande zote, na chini yake ubao ili lisikalie lami. Maranda yakilowa hayafai tena.

Iko siri moja ya wauza barafu za watoto, nayo ni chumvi. Barafu za ukwaju na ubuyu zina sukari, na maji ya sukari huganda chini ya nyuzi 0. Ukizipanga pamoja na barafu ya maji matupu zitalegea tu, hata kama barafu yenyewe bado ni ngumu. Ukinyunyizia barafu hiyo chumvi, inashuka chini ya nyuzi 0 na barafu za watoto zinabaki ngumu kama jiwe. Lakini barafu yenye chumvi huyeyuka haraka zaidi. Unapata baridi kali kwa muda mfupi. Kwa biashara ya saa tatu pale shuleni inalipa, kwa kutwa nzima hailipi.

Nimeeleza chumvi kwa kusudi, kwa sababu ujuzi huohuo wa biashara ungeweza kutuletea hasara kubwa nyumbani.

Mwaka 2023 mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka Same. Ana kisukari na hujichoma insulini asubuhi na jioni. Dawa yake ilikaa kwenye mlango wa friji, na mambo yalikwenda vizuri mpaka ulipofika mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka huo. Wale tunaokumbuka migawo ya mwaka 1994 na ya mwaka 2006, bwawa la Mtera lilipokauka, tuliona ndugu yake amerudi. Mtaani kwetu umeme ulikuwa ukiondoka asubuhi na kurudi usiku. Friji iliyozimwa ikawa kabati tu.

Mume wangu alisema, na ni neno la mtu mwenye busara kwa kawaida, "Mama watoto, si una deli? Weka dawa ya mama humo." Mama mkwe naye hakutaka makuu. Alisema arudi zake Same, ambako mtungi wake ungetosha, kuliko kutuongezea gharama. Mimi nilijua deli hilo hufunguliwa mara arobaini au hamsini kwa siku. Nilijua pia lina chumvi ndani. Nikasema nitakwenda kwanza kumwuliza dada muuguzi anayemhudumia kliniki.

Alinieleza kwa upole mambo ambayo nadhani kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari inapaswa kuyajua. Vichupa ambavyo havijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji, mahali pasipo na joto kali, kwa takriban wiki nne, lakini kila dawa ina karatasi yake ndani ya boksi na hiyo ndiyo ya kufuata. Joto huipunguza nguvu kidogo kidogo. Kuganda kunaiharibu mara moja, na hata ikiyeyuka tena na kuonekana nzima, hutupwa. Akaniambia kwamba hata wao, wanapokwenda kuchanja watoto vijijini, hawaweki chanjo kwenye barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Huiacha nje mpaka itoe jasho, na ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani. Hapo inakuwa imefika nyuzi 0, haiwezi tena kugandisha kilicho jirani yake.

Mnaona wenyewe, mama zangu. Deli la biashara linatafuta baridi kali kadiri inavyowezekana. Deli la dawa linatafuta ubaridi wa kiasi usiobadilika. Sanduku moja haliwezi kuwatumikia mabwana hao wawili.

Fedha ya sanduku la pili ilikuwa ndiyo ileile niliyoitenga kwa ajili ya chuo. Tulikaa mezani, mume wangu, kijana wetu na mimi, bila mama mkwe kusikia. Kijana ndiye aliyesema tununue, yeye ataomba chuo kimsogezee tarehe. Alisogezewa wiki tatu. Nikanunua Kariakoo deli dogo la lita saba na kipimajoto cha friji.

Hatukuweka dawa siku ya kwanza. Tulilijaribu siku mbili kwa kichupa cha maji. Chini nililaza chupa mbili za barafu isiyo na chumvi, zilizokwisha kutoa jasho. Juu yake taulo lililokunjwa mara nne, kisha kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, humo kipimajoto na kichupa, na juu kabisa sponji. Kwa taulo la mkunjo mmoja kipimajoto kilisoma nyuzi 1, hatari. Kwa mikunjo minne kilikaa kati ya 4 na 6 kutwa nzima. Deli lenyewe tuliliweka chini ya kitanda cha mama, chumba cha upande wa mashariki ambacho jua la mchana halikifikii, na ndani vilikaa vile vichupa ambavyo havijafunguliwa tu. Kile kinachotumika, muuguzi aliruhusu kikae nje kwenye kikombe cha udongo, kwa hiyo deli likawa linafunguliwa mara moja kwa siku, usiku, wakati wa kubadilisha chupa za barafu. Kwa mpango huo barafu iliyowekwa saa nne usiku ilikuwa bado inagongana usiku uliofuata. Zile za deli la biashara zilikuwa zimekwisha kuwa maji tangu alasiri.

Usiku mmoja umeme haukurudi kabisa. Mume wangu aliondoka alfajiri kwenda Feri, akanunua pande moja la barafu wanayouziwa wachuuzi wa samaki, akalifunga kwenye gunia na maranda ya Keko, akarudi nalo kwa daladala huku abiria wakilalamika kwamba linawadondokea. Sijamsikia tena akisema juu ya dawa kuwekwa pamoja na soda.

Tangu mwaka 2024, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipoanza kuzalisha umeme, hatujarudi kwenye hali ile. Lakini transfoma bado hulipuka na nguzo bado huanguka mvua zikija, kwa hiyo chupa mbili zimebaki kwenye friza, zimefungwa utepe mwekundu ili mtoto asizichukue kwenda kuuzia.

Mwaka jana mama mkwe aliomba kwenda kuwaona watu wake. Alipanda basi asubuhi pale Mbezi, deli dogo miguuni, nami nikamsihi asiruhusu kondakta aliweke kwenye buti karibu na injini. Jioni alipiga simu kutoka Same. Kipimajoto kilisoma 6. Alikuwa ameshautoa mtungi wake wa zamani, akaulowesha na kuuweka kivulini penye upepo, kwa kile kichupa kinachotumika. Kule hewa ni kavu, maji hukauka upesi kwenye udongo na kuupoza, jambo ambalo huku kwetu pwani, penye unyevu, hufanyika kwa shida. Vile vingine aliviacha kwenye deli, na asubuhi yake akaniuliza ni nani pale Same anayeuza barafu isiyo na chumvi.