Stima ya Olkaria na Stima ya Leipzig

Simu ya nyumbani ikigusia stima, swali huwa lilelile: Kenya itafika lini walikofika Wajerumani? Jibu langu huwashangaza wengi. Kwa upande wa vyanzo vya kawi safi, Kenya iko mbele. Takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ujerumani, pamoja na sifa zake zote, ilivuka nusu mwaka 2023.

Ninaishi Leipzig. Kusini mwa mji uko mtambo wa Lippendorf, unaochoma makaa ya kahawia yanayochimbwa jirani tu, na asubuhi za baridi wingu lake jeupe huonekana kutoka mbali. Sheria inasema makaa yakome ifikapo 2038. Na katika mji huohuo, jirani yangu wa ghorofa ya chini amefunga paneli mbili za sola kwenye kizuizi cha roshani. Mwanga wa jua ukigonga silikoni, elektroni hutikisika na mkondo huanza kutembea. Inveta ndogo iliyofungwa nyuma huugeuza uwe stima ya kawaida ya nyumbani, kisha waya unachomekwa ukutani kama wa pasi. Sheria inamruhusu hadi wati 800 bila kumwita fundi. Mchana wa Julai friji yake inaendeshwa na jua. Desemba mambo hubadilika. Jua linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni, tena nyuma ya mawingu mazito, na paneli zile hazitoi cha maana.

Nchi nzima ina shida hiyohiyo kwa kiwango kikubwa. Zipo siku za baridi ambapo jua halionekani na upepo nao umetulia, basi makaa na gesi hurudi kazini. Zipo pia adhuhuri za kiangazi ambapo stima huwa nyingi mno hata bei yake sokoni ikashuka chini ya sufuri. Upepo mwingi uko kaskazini, viwanda vikubwa viko kusini, na laini ya kuviunganisha, SuedLink, imechelewa kwa miaka kwa sababu wenyeji waliikataa milingoti hadi ikaamuliwa nyaya zizikwe ardhini.

Ninachowavulia kofia Wajerumani ni sheria yao ya mwaka 2000. Ilimhakikishia yeyote mwenye paneli au kinu cha upepo bei maalumu kwa miaka 20, awe mkulima, kanisa au kampuni. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoingia katika biashara ya stima. Gharama yake ilibebwa na kila mlipaji bili hadi 2022, na bado stima hapa ni ghali, karibu senti 40 za yuro kwa uniti moja. Lakini mwananchi alipata mahali pa kusimama.

Sasa twende Olkaria, karibu na Naivasha. Ukipita katika mbuga ya Hell's Gate, mabomba ya rangi ya fedha yanakatiza vichakani, na kila baada ya umbali fulani yanapanda juu kama lango kisha kushuka tena, twiga apite na chuma kipate nafasi ya kutanuka kikipata joto. Harufu ya salfa haikosekani. Chini huko, kilomita mbili au tatu, miamba ya Bonde la Ufa ina joto linalozidi nyuzi 200. Kisima kikitobolewa, maji moto na mvuke hupanda pamoja, hutenganishwa, mvuke husukuma tabo, na maji hurudishwa ardhini. Mtambo wa kwanza uliwashwa mwaka 1981. Mvuke huo haujui usiku wala Desemba. Ujerumani ingetoa chochote kuupata kwa wingi namna hii.

Mvuke huo una gharama zake. Kuchimba kisima ni fedha nyingi, na kisima chaweza kutoka bila mvuke wa kutosha. Familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mitambo, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Huko Loiyangalani pia, penye vinu 365 vya upepo, mahakama ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kawi safi inayochukua malisho ya watu bila ridhaa yao ina doa, na tusilifiche kwa sababu ya fahari.

Vinu hivyo vya Loiyangalani vilisimama tayari mwaka 2017, vikangoja zaidi ya mwaka laini ya kwenda Suswa ikamilike, huku serikali ikidaiwa mabilioni ya shilingi kwa stima isiyoweza kusafirishwa. Hapo ndipo tunapolingana na Wajerumani: wote tunakwama kwenye waya. Tofauti ni kwamba wao wakikwama, taa haizimiki. Kijijini kwetu upande wa Gilgil, milingoti mikubwa inapita juu ya mashamba, na transfoma ikiungua mama hulala gizani siku kadhaa akipiga simu zisizopokelewa. Takriban robo ya Wakenya hawajaunganishwa kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni usiku wa manane. Matumizi yakishuka, Olkaria hulazimika kuachilia mvuke hewani kwa kukosa mnunuzi, na saa hizohizo kuni na makaa yamerundikwa jikoni kwa ajili ya kesho. Mwaka 2023 wenye magari na pikipiki za umeme walipewa bei nafuu, na kwa wanaochaji usiku ikawa nusu ya bei hiyo. Jambo jema. Githeri nayo huchukua saa kadhaa motoni, na sufuria ya umeme ya presha yaweza kuiivisha usiku watu wakiwa wamelala. Bei hiyo ya usiku ifike kwenye mita ya tokeni ya mama, na transfoma ya kuihimili ifungwe kabla ya bango lingine la uzinduzi kusimamishwa.