Nchi Iliyo Chini ya Bahari

Iko nchi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, iitwayo Guyana. Bara mna misitu minene, na huko Mto Potaro waanguka futi 741 kwenye maporomoko ya Kaieteur.

Lakini watu walio wengi wakaa pwani, katika ukanda mwembamba wa udongo ulioletwa na mkondo wa bahari toka Mto Amazon. Ardhi hiyo yafaa sana kwa mpunga na miwa. Ila bahari ikijaa, maji huwa juu kuliko mashamba. Kwa hiyo wamejenga ukuta ufuoni, wakachimba mifereji yenye milango. Bahari ikipwa huifungua milango ili maji ya mvua yatoke, ikijaa huifunga.

Mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka: Mei hata Agosti, tena Desemba na Januari. Januari 2005 ilizidi mno, mifereji ikashindwa. Mji mkuu Georgetown na vijiji vingi vikafurika. Siku hizi bahari yapanda, na muda wa kufungua milango wazidi kufupika.

Basi huko kila nyumba yategemea jirani yake: mmoja akiziba mfereji kwa takataka, maji hulala mlangoni mwa mwenzake.