Skrubu ya Kutolea Hewa

Nilikuwa na miaka 12 siku baba mdogo aliponinyooshea spana ya pampu, nikaikataa. Ilikuwa mwaka 1982, Umalila, kwenye milima iliyo juu ya Mbalizi mkoani Mbeya, na mashine ya kusaga ilikuwa imezima katikati ya debe la mteja. Akasema, "Njoo, leo fungua wewe." Nikamjibu kwamba mikono itanuka dizeli na kesho nina shule. Hakunigombeza. Aliifuta spana kwa kitambaa, akapiga goti mwenyewe kando ya injini, na tangu siku ile hakuninyooshea tena.

Injini yenyewe ilikuwa Lister ya silinda moja, ile yenye flaiwili mbili kubwa zinazozunguka kama mawe ya kinu. Waingereza wa mji wa Dursley walianza kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920, na mafundi wa Rajkot, India, wakaiiga kwa maelfu. Ilikuwa na nguvu za farasi 6 na mizunguko 650 kwa dakika. Kwa kuwa ni injini ya mipigo minne, dizeli huingia mara moja katika kila mizunguko miwili. Maana yake ile pampu ndogo, isiyozidi ngumi ya mtu mzima, ilikuwa ikisukuma mafuta mara 325 kila dakika. Mlio tuliousikia tukiwa bondeni tunachota maji ulikuwa mlio wa pampu hiyo ikifanya kazi yake bila kukosea. Mama zetu waliusikia, wakajitwisha mahindi, wakapanda.

Tangi lilikaa juu ukutani, mafuta yakashuka kwa uzito wake hadi kwenye chujio, kisha kwenye pampu. Ndani ya pampu kuna kijiti cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya kijumba chake, na viwili hivyo vimesuguliwa pamoja kiwandani hata nafasi kati yavyo ni elfu chache tu za milimita. Huwezi kuchukua kijiti cha pampu hii ukakitia katika ile. Kijiti kikipanda, dizeli hubanwa zaidi ya mara 100 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta, mpaka nozo inafunguka na kuitema kama ukungu ndani ya silinda. Lakini hewa ikijipenyeza kwenye bomba, mambo yamekwisha. Dizeli haikubali kubanwa, hewa inakubali. Kijiti kinapanda, povu linasinyaa, kijiti kinashuka, povu linavimba tena, na nozo imefumba mdomo. Unaweza kuzungusha hendeli mpaka bega liteguke.

Hapo ndipo kazi ya kutoa hewa ilipokuwa na ustadi wake. Baba mdogo alikuwa na usemi mmoja: "Fuata mto unavyoteremka." Alianzia juu. Alilegeza skrubu ya kwenye chujio, akaiacha dizeli itoke na povu lake hadi itoke safi, akakaza. Akaja kwenye skrubu ya pampu, vivyo hivyo. Mwisho alilegeza nati ya bomba pale linapoingia kwenye nozo, akanyanyua kile chuma kinachoiachia silinda pumzi, akazungusha hendeli taratibu hadi dizeli iruke kwa mapigo. Akakaza. Kisha alizungusha tena, kichwa amekiinamisha, akiisikiliza nozo. Ikitoa sauti, kama mlango mkavu unaofunguliwa kidogo, alitabasamu. Isipotoa, alirudi kwenye chujio kuanza upya. Nimemwona akirudia mara tatu huku foleni ya wanawake ikimtazama, wala hakuruka hatua hata moja.

Miaka ile hewa iliingia mara kwa mara kwa sababu tangi liliisha mara kwa mara. Vita vya Uganda vilikuwa vimeisha mwaka 1979, nchi haikuwa na fedha za kigeni, na dizeli ilikuja kwa kibali. Baba mdogo alikwenda Mbeya mjini na madumu mawili, akarudi na moja, wakati mwingine na mafuta yaliyochanganyika na maji. Aliyachuja kwa kitambaa cha shuka kilichokunjwa mara nne. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikuwa likipita katika mikoa yetu tangu mwaka 1968, lakini lilibeba mafuta ghafi ya kwenda kusafishwa Zambia. Kinu chetu kilitegemea dumu la mgongoni.

Mwaka 1984 pampu ilichoka kweli. Baba mdogo aliifungua, akaifunga ndani ya kanga, akanichukua pamoja naye kwenda kwa fundi wake, Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300. Tulipita Chimala na Makambako, tukalala Mafinga kwa sababu basi liliharibika, na asubuhi tukateremka Ipogolo, tukapanda kile kilima cha kuingia mjini. Fundi alikuwa na chumba kimoja Mlandege. "Kamwene," akatusalimu, na kabla hata hatujakaa akawa ameshaipokea kanga kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Alichomoa kijiti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha mikwaruzo ambayo jicho langu halikuiona hadi aliponiambia nikigeuze polepole. Akaeleza jambo ambalo silisahau. Injini, alisema, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Huko kwetu Umalila, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, zile nguvu za farasi 6 hazifiki hata 5. Ukiilisha dizeli kwa kipimo cha pwani, haiwezi kuichoma yote. Ndiyo maana ilitoa moshi mweusi. Akampunguzia baba mdogo kipimo cha pampu. Tuliporudi, moshi ulikatika, na unga haukunuka tena masizi. Fundi alikuwa ametaka nibaki naye wakati wa likizo nijifunze. Baba mdogo alinitazama tu, akaniachia nijibu. Nikasema hapana.

Karibu miaka ishirini na mitano baadaye, nikiwa Dar es Salaam, kijana mmoja mpenzi wa ndege ndogo za kuongozwa kwa rimoti alinionyesha injini yake ya mipigo minne. Wajapani wa O.S. walianza kuuza injini za aina hiyo mwaka 1976. Nyingi hazina pampu: mgandamizo wa moshi wa ekzosi hurudishwa kwenye tangi ili usukume mafuta. Tangi likikaa mbali na injini, ndege ikisimama kwa mkia, mafuta hayafiki sawasawa na injini inakohoa. Yeye alikuwa amefunga pampu, na bado ilikohoa. Nilimwuliza kama mtikisiko unatia povu kwenye tangi. Akaligusa, akakubali, akaweka sponji chini yake. Alinishukuru kama fundi. Nilitoka pale nikiwa na uchungu, maana nilichompa kilikuwa ni masalia ya maneno ya mtu aliyekuwa tayari kunipa yote.

Baba mdogo alifariki mwaka 2009. Umeme wa REA ulipofika kijijini, watoto wake walifunga mota, wakauning'iniza mkanda wa Lister ukutani. Walifanya vizuri. Mota haina moshi wala haivunji mtu mkono, na unga wa debe moja unatoka kabla hujamaliza salamu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikuwa nyumbani wakati wa mgawo wa umeme. Siku ya pili foleni ilikuwa imefika barabarani. Wanawake wawili walikuwa wametembea tangu alfajiri. Mmoja, mzee, akanigeukia: "Wewe si ndiye mtoto wa pale? Iwashe ile ya zamani." Tukatia dizeli mpya, tukarudisha mkanda. Binamu yangu alilegeza nati ya kwenye nozo kwanza. Nikamwambia hapana, tufuate mto, tuanzie kwenye chujio. Pale kwenye chujio niliweza. Kwenye pampu nilikuta vichwa viwili vya skrubu, na sikujua kipi kinatoa hewa na kipi kinashika kipimo ambacho fundi wa Iringa alikifunga. Niliogopa kugusa. Tulizungusha hendeli kwa zamu hadi jua likawa la utosi, nami nikainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya yeye. Nozo haikutoa sauti. Yule mzee alijitwisha mahindi yake ambayo hayajasagwa, akarudi alikotoka.

Niliifungua pampu, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda nayo Iringa. Chumba cha Mlandege sasa ni cha kutuma na kupokea fedha. Binti aliyekuwamo hakuwahi kusikia habari za fundi.

Pampu iko kwangu mpaka leo. Wewe unayesoma, kama kwenu Ileje, Kilolo, Mufindi au Rungwe kuna mzee aliyewahi kuiwasha Lister, mwendee wiki hii, umwombe akuonyeshe kwa kidole ni skrubu ipi, na wewe mwenyewe uishike spana.